Chaki, sahani za karatasi na bastola ya binti yangu

Nilipostaafu ualimu baada ya miaka 33 ya kufundisha hisabati, nilidhani chaki na mimi tumeagana. Na lau mtu angeniambia kwamba siku moja ningezipanga chaki juu ya tuta la udongo katika jimbo la Texas, huko Marekani, ili binti yangu wa kuzaa azipige risasi, ningemshauri mtu huyo aende akapimwe malaria. Lakini wahenga hawakukosea waliposema tembea uone.

Ilikuwa Juni mwaka wa 2022. Binti yangu wa kwanza, ambaye ni mfanyakazi wa maabara katika hospitali moja karibu na jiji la Dallas, alinitumia tiketi ya ndege niende nikakae naye miezi mitatu. Mama yake alikuwa amekwenda mwaka wa 2019, na sasa ilikuwa zamu yangu ya kumjulia hali yeye, mume wake na mjukuu wangu wa miaka saba, ambaye huniita Guka hata kama maneno mengine yote huyasema kwa Kiingereza cha puani.

Wiki mbili za kwanza zilipita kwa amani. Nililala, nikala, nikalalamikia chai yao isiyochemshwa pamoja na maziwa. Jumamosi ya tatu, baada ya staftahi, binti yangu akatoka chumbani na kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa nambari. Akakiweka juu ya kabati refu, mbali na mtoto, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba anazungumzia kwenda sokoni: "Baba, leo nakwenda shabaha. Twende unisindikize."

"Shabaha gani?" nikamuuliza.

"Bastola, Baba. Nina bastola."

Msomaji, sitaki kukudanganya. Miguu yangu iliniishia nguvu pale pale, nikaketi.

Ili unielewe, yafaa nikurudishe Nairobi, mwaka wa 1996. Tulikuwa tumepanga nyumba katika mtaa mmoja wa Eastlands, mimi, mke wangu na watoto wetu wawili. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi na stima ilikuwa imepotea. Mlango ukabishwa, sauti ikasema ni bawabu. Nikafungua. Wakaingia watu watatu, na mmoja wao akanibandika bastola chini ya sikio. Nakumbuka ubaridi wa ile chuma kuliko ninavyokumbuka sura yake. Nikaamriwa nilale kifudifudi. Walichukua mshahara wangu wote, cherehani ya mke wangu na televisheni yetu ya Great Wall ya inchi 14, ambayo nilikuwa nimemaliza kuilipia mwezi uliotangulia.

Kwa miaka mingi nimeisimulia hadithi hiyo harusini, matangani na katika chumba cha walimu. Na kila mara nimeisimulia kama kichekesho. Husema: "Walichukua Great Wall yangu wakaniachia antena juu ya paa. Nikawa nanasa matangazo bila kuwa na mahali pa kuyaweka!" Watu hucheka wakashika mbavu. Mimi pia hucheka. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali lolote baada ya antena, na hivyo ndivyo nilivyotaka.

Sasa hapa, katika nyumba ya binti yangu, kilikuwako chombo kile kile.

Nilimwambia siendi. Akanijibu kwa upole kwamba hata nikienda, sitaruhusiwa kukigusa. Sheria ya Marekani humkataza mgeni aliyeingia kwa viza ya matembezi kushika bunduki au hata risasi, ila kwa masharti maalum, mathalani awe na leseni halali ya kuwinda. "Utakaa kwenye kiti nyuma yetu, Baba, uvae viziba masikio, unitazame tu." Niliposikia kwamba serikali yenyewe imenikataza, nikapumua. Nikaenda.

Mahali penyewe palikuwa shamba la mzee mmoja Mmarekani, mwanajeshi mstaafu aliyewahi kufanya kazi na mkwe wangu. Nyuma ya zizi lake palikuwa na tuta kubwa la udongo, refu kunishinda mara mbili, lisilo na mawe. Mzee huyo alinieleza kwamba tuta ndilo jambo la kwanza. Bastola aliyokuwa nayo binti yangu ilikuwa ya risasi ndogo kabisa, zile za kipenyo cha milimita 5.6, ambazo kiini chake kina uzito wa gramu 2.6 tu. Lakini hata kidude hicho kikirushwa juu chaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja kabla ya kuanguka, na hakichagui kitakapoangukia.

Kisha akatusomea masharti manne, na kila Jumamosi aliyarudia hata tukayajua kama sala. Kwanza, kila bunduki ihesabiwe ina risasi, hata kama umeikagua sasa hivi. Pili, mdomo wake usielekezwe kamwe kwenye kitu usichotaka kukiharibu. Tatu, kidole kisiguse kifyatulio mpaka macho yawe yametua kwenye shabaha. Nne, ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Nikajiambia kwamba mzee huyu angekuwa naibu wa mwalimu mkuu mzuri sana.

Siku hiyo ya kwanza binti yangu alikuwa amenunua shabaha za dukani. Ni karatasi nyeusi zilizochapishwa duara, ambazo risasi ikipenya hujitokeza doa la manjano lenye kung'aa. Ni nzuri ajabu, lakini alipiga zote kumi chini ya nusu saa, na bei yake ingetosha kununua sahani za karatasi zaidi ya 100. Mzee wa shamba akacheka. Akaingia zizini, akatoka na sahani za karatasi zilizobaki baada ya karamu ya kuchoma nyama, akatundika moja kwa vibanio vya nguo mbele ya katoni kuukuu ya friji. Hiyo ndiyo shabaha ya mtu mwenye akili, akasema.

Sahani hiyo ina upana wa sentimita 23 hivi. Binti yangu alisimama mita saba kutoka hapo, akafyatua risasi kumi, na zote kumi zikaingia kwenye sahani. Akageuka akanitazama kwa furaha, kama alivyokuwa akinitazama aliponiletea ripoti yake ya shule ya msingi.

Mimi nami ni mwalimu hata nikiwa usingizini. Bunduki zilipokwisha kuwekwa chini na mzee akasema tunaweza kusogea, nilikwenda nikaitazama ile sahani kama ninavyotazama karatasi ya mtihani. Ni kweli, kumi kwa kumi. Lakini matundu yote kumi yalikuwa chini, upande wa kushoto. Katikati palikuwa peupe pe! Nikamwambia: "Mwanangu, umepita. Lakini mtihani huu ni rahisi mno, haumpimi mwanafunzi. Umekosa vile vile mara kumi, na sahani imekuficha."

Jioni hiyo, baada ya chakula, nilichukua kalamu na karatasi. Bastola hulengwa kwa kuoanisha kinundu cha mbele na pengo la nyuma, na kati ya viwili hivyo, katika bastola yake, ni kama sentimita 15 tu. Mkono ukipotosha kinundu kwa milimita moja, je, risasi itapotoka kiasi gani mita saba mbele? Ni pembetatu za kawaida za kidato cha pili. Mita saba ni milimita 7,000. Gawanya kwa 150, unapata karibu milimita 47. Yaani kosa la milimita moja tu mkononi huwa karibu sentimita tano kwenye shabaha! Ukirudi nyuma hadi mita 15, linakuwa sentimita kumi. Binti yangu alikaa akiitazama hesabu hiyo. "Kumbe ndiyo sababu bastola ni ngumu kuliko bunduki ndefu," akasema. Nikamwambia ndiyo, na ndiyo sababu pia shabaha yafaa iwe ndogo. Shabaha kubwa hukusamehe. Ndogo hukuambia ukweli, na jicho nalo hutulia zaidi likipewa kitu kidogo cha kushika.

Basi nikapata kazi. Nilikuwa nimechoka kukaa bure nikitazama televisheni, na sheria ilikuwa imenikataza bunduki, haikunikataza makasi. Nikawa fundi wa shabaha.

Nilianza na kadi ngumu ambazo wanafunzi huandikia muhtasari. Zina sentimita 7.6 kwa 12.7, na pakiti ya kadi 100 ni bei ya soda moja au mbili. Baadaye nikahamia kwenye karata zilizochakaa, ambazo ni sentimita 6.4 kwa 8.9. Mzee wa shamba alipoziona akanisimulia habari za Annie Oakley, mwanamke wa Ohio aliyezaliwa mwaka wa 1860 katika familia maskini, akawinda tangu utotoni ili kulisha nyumba yao, kisha mwaka wa 1885 akajiunga na maonyesho ya Buffalo Bill na kusifika duniani kote. Mwanamke huyo alikuwa akipiga karata iliyosimamishwa kwa upande wake mwembamba! Watu wakazoea hata kuziita tikiti za bure za michezo kwa jina lake, kwa vile zilitobolewa tundu kama karata alizozipiga. Binti yangu akasema yeye ataridhika akiipiga karata kwa upande wake mpana.

Kisha nikagundua vibandiko vya bei, vile vya duara vya rangi ya machungwa ambavyo Wamarekani hubandika kwenye vyombo vikuukuu wanapoviuza nje ya nyumba zao. Upana wake ni sentimita mbili na nusu, na pakiti moja ina mamia. Ukibandika kumi kwenye katoni moja, una shabaha kumi kwa senti chache, na kila risasi ina mtihani wake.

Niliwahi pia kuchora shabaha za Olimpiki kwa dira ya mjukuu wangu. Katika mashindano ya bastola ya mita 25, yale ya ulengaji wa taratibu, duara la alama kumi lina upana wa milimita 50. Ukitaka lionekane vivyo hivyo kutoka mita kumi, ulichore la milimita 20, kwa uwiano ule ule. Wale wa bastola ya upepo ya mita kumi duara lao la kumi ni milimita 11.5, sawa na kifungo cha shati. Nilipomwonyesha binti yangu kifungo cha shati langu kwa mbali alicheka hadi machozi.

Zipo pia shabaha zenye kuitika, na hizo ndizo tamu kuliko zote. Karatasi hutobolewa kimya, lakini kopo tupu likipigwa hulia na kuruka. Wamarekani mchezo huo wameupa jina linaloiga mlio wenyewe wa risasi kwenye bati. Mzee alikuwa na sahani za udongo za kurushwa hewani kwa ajili ya bunduki za marisau, upana wake milimita 108. Zikivunjika kidogo kwenye sanduku haziuziki, naye alizipanga juu ya tuta. Tulitumia vipande vya makaa yaliyosindikwa, vile vya kuchomea nyama, ambavyo vikipigwa hutoa wingu jeusi. Tulitumia biskuti zilizolala, na ndege wakaja baadaye kufagia makombo.

Lakini vitu vingine mzee alivikataa katakata. Chupa za glasi la, kwa kuwa vigae hubaki shambani kuwakata ng'ombe na watoto. Mawe la, na bamba la chuma kwa karibu la, kwa kuwa vipande vya risasi hurudi kwa mpigaji. Maji vile vile, maana risasi huteleza juu yake kama jiwe bapa litupwalo mtoni. Na kila tulichokipiga tulikiokota, pamoja na maganda ya risasi.

Tukirudi nyumbani binti yangu alikuwa na desturi ambayo ilinigusa. Kabla ya kumkumbatia mtoto alinawa mikono na uso kwa sabuni, akabadili nguo. Katika Kiswahili madini ya risasi na risasi ya bunduki vina jina moja, na si bure: vumbi la madini hayo hubaki mikononi na nguoni, na kwa ubongo wa mtoto ni sumu. Yeye maabarani huipima damu ya watoto, hivyo anajua. Masikio nayo alinisisitizia, kwani hata bastola ndogo hulia kwa zaidi ya desibeli 140, na mlio mmoja tu wa kiasi hicho waweza kuliumiza sikio.

Chaki zilikuja wiki ya tano. Mjukuu wangu ana ndoo nzima ya chaki nene za kuchorea barabarani, unene wake kama kidole gumba. Akanipa kumi, za rangi mbalimbali, akinitaka nimletee mabaki. Nikazisimamisha juu ya tuta, nikarudi kwenye kiti changu. Naapa sijawahi kuona matumizi mazuri ya chaki kama hayo. Ikipigwa hupasuka ikawa vumbi la waridi au la samawati na hakuna wa kubishana kuhusu alama.

Tatizo ni kwamba hazikupasuka. Risasi kumi, chaki moja. Risasi kumi tena, hakuna. Vumbi lilikuwa likiruka kila mara mahali pale pale: chini, kushoto.

Mzee wa shamba hakusema kitu. Alimwomba bastola, akageuka akatupa mgongo, akaijaza, akamrudishia. Binti yangu hakujua kwamba mzee alikuwa amechanganya risasi za kweli na chache za bandia zisizo na baruti. Akafyatua ya kwanza, ikalia. Akafyatua ya pili: tik! Haikulia. Lakini sote watatu tuliuona mdomo wa bastola ukipiga mbizi kuelekea chini, kwa nguvu, kana kwamba kuna mtu aliyeusukuma.

Hapakuwa na mlio wala teke la bunduki. Mkono ulijikunja kabla ya kishindo ambacho hakikuja.

Mzee akamweleza kwa upole kwamba hiyo ni hofu, na karibu kila mtu anayo. Mwili hukitarajia kishindo ukakitangulia. Dawa yake haina gharama yoyote. Ni kuchukua bastola tupu iliyokaguliwa mara mbili, risasi zikiwa zimefungiwa chumba kingine, na kulenga kibandiko kimoja kwenye ukuta usio na mtu nyuma yake, kisha kubonyeza kifyatulio taratibu mara ishirini kila jioni, mpaka mkono uamini kwamba hakuna kitakachotokea.

Binti yangu aliitika kwa kichwa. Aliiweka bastola chini, akavua viziba masikio, akasema kwa leo inatosha.

Tulipokuwa garini, baada ya kimya cha kama dakika kumi, akasema: "Baba, unajua ile hadithi yako ya antena?"

"Naijua," nikasema, nikianza kutabasamu.

"Mimi sijawahi kuicheka."

Nikanyamaza.

"Wewe ulikuwa umelala kifudifudi, hukuona. Nilikuwa nimeamka. Yule mwenye bastola aliniona mlangoni, akaniambia nimletee mkoba wa mama. Nilikwenda nikauleta. Nilipita baina ya miguu yako na yeye. Nilikuwa na miaka minane, Baba. Mdomo wa ile bastola ulikuwa sawasawa na macho yangu."

Msomaji, kwa miaka 26 niliamini kwamba mtoto wangu alikuwa usingizini usiku ule. Nilimshukuru Mungu kwa hilo mara nyingi. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Mama alijua. Alituambia tusikusumbue, kwa sababu ulikuwa hulali. Halafu ukaanza kuisimulia kwa kuchekesha, nikaona wewe umeshapona. Nikaona aibu kuwa mimi bado."

Akanieleza kwamba alinunua ile bastola miaka miwili kabla ya safari yangu, kwa kuwa hutoka kazini saa tisa za usiku na eneo la kuegesha magari halina mtu. Lakini tangu ainunue hakuwahi kutembea nayo. Kila akiishika aliuona ule mdomo wa 1996. Ndipo akaamua kwenda kulenga karatasi, ili chombo kile kiwe chuma tu, kitu cha kutobolea sahani, kisiwe tena yule mtu.

Nilikuwa na majibu mengi katika miaka yangu ya ualimu, lakini siku hiyo sikuwa nayo. Nilimwomba msamaha. Nilimwambia kwamba mimi nami sikuwahi kupona, kwamba ile antena nilikuwa nimejificha nyuma yake. Aliegesha gari kando ya barabara, tukalia wote wawili mchana kweupe, magari yakitupita. Mwanamume mwenye mvi, tena Mwafrika! Sijali. Ningelia mapema zaidi kama ningejua.

Jumamosi zilizofuata tuliendelea. Sitakuambia kwamba mambo yalibadilika kwa miujiza. Kila jioni alisimama mbele ya kibandiko cha machungwa ukutani na bastola tupu, mimi nikiwa mkaguzi wa pili wa kuthibitisha kwa macho kwamba ni tupu. Jumamosi ya mwisho kabla sijarudi nyumbani nilimpangia chaki kumi, mita saba. Alivunja sita. Hakuruka wala hakupiga kelele. Alipumua tu kwa kina, kisha akakwenda kumwokotea mtoto wake vipande.

Wala usidhani kwamba nilitoka huko nimeipenda bunduki. Nilimwambia binti yangu waziwazi kwamba sifurahii kuwa na chombo hicho katika nyumba yenye mtoto wa miaka saba, na kwamba mtoto hushinda kufuli kwa udadisi. Yeye ana sababu zake na sheria ya huko inamruhusu. Tulibishana kwa heshima usiku mmoja hadi saa sita. Mwishowe tukakubaliana mambo mawili: kisanduku kifungwe kwa skrubu ndani ya kabati, na risasi zikae chumba kingine chenye ufunguo wake mwenyewe. Mkwe wangu alileta keekee kesho yake.

Mjukuu wangu naye hakutaka kuachwa nyuma katika habari za shabaha. Basi nilimkatia tawi lenye panda, nikatafuta mpira wa gurudumu la baiskeli na kipande cha ngozi ya kiatu, nikamtengenezea manati. Nilipokuwa mtoto wa rika lake kule Mwea, kazi yangu baada ya shule ilikuwa kuamia ndege katika mashamba ya mpunga, na manati yangu ilikuwa maarufu hadi kijiji cha pili. Tulipanga makopo ya maharagwe juu ya ua wa nyuma. Mbele ya makopo nikamfundisha yale masharti manne, ya kwanza hadi ya nne, nikabadilisha tu neno bunduki. Kopo la kwanza lilipoanguka alipiga mayowe ambayo majirani waliyasikia. Mama yake alikuja kwa zamu yake, akalikosa mara tatu, akaliangusha mara ya nne. Tulicheka, na safari hii sote tulikuwa tukicheka jambo moja.

Hapa kwetu Kenya habari ni nyingine, na nisingependa kijana yeyote anisome vibaya. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humtaka raia apate leseni kabla ya kumiliki bunduki, na asiye nayo hana shabaha ya kwenda kulenga ila mlango wa jela. Makopo na manati vinatosha, mradi usilenge dirisha la jirani.

Ninachotaka kuwaambia wazazi wenzangu ni kingine. Wengi wetu tulioishi katika miji hii miaka ile tuna usiku wetu. Kuna walioporwa, kuna waliotekwa magari, kuna waliofukuzwa makwao usiku. Tumejifunza kuzisimulia habari hizo kwa kuchekesha, maana kicheko ni blanketi nzuri. Lakini watoto wetu walikuwako. Hatukuwauliza waliona nini. Tulidhani wamelala.

Mwezi Desemba mwaka ule ule, katika sherehe ya mahari kijijini, shemeji yangu mmoja akaniomba niwape ile ya Great Wall. Watu wakajiweka sawa tayari kucheka. Niliianza kama kawaida, lakini nilipofika kwenye antena sikukoma. Nikaendelea, nikawaambia habari za mtoto wa miaka minane aliyebeba mkoba. Hakuna aliyecheka. Mke wangu, aliyekuwa akigawa chai, aliweka birika chini akaja akaketi karibu nami.

Basi leo jioni, kabla ya habari za saa moja, zima televisheni. Mwite mwanao, hata kama sasa ni mtu mzima mwenye ndevu zake, umuulize yeye alikuwa wapi usiku ule, na alichokiona. Kisha unyamaze, umsikilize mpaka amalize.